Asenath Bole Odaga: mwalimu aliyezipeleka hadithi za ziwa kwenye rafu ya watoto

Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujatoka, mtu akisimama mlimani juu ya Kalundu, bandari ya Uvira, akitazama Ziwa Tanganyika huona mji wa pili umewashwa majini. Ni taa za wavuvi wa ndagala. Mtoto wa Uvira huijua kazi hiyo kabla hajajua kusoma. Anajua kwamba ndagala hufuata mwanga, kwamba mwezi ukijaa wavuvi hupumzika, kwamba siku upepo unapovuma vibaya mikeke huadimika sokoni. Jioni, kwa Kivira, Kifuliiru, Kibembe au Kiswahili, amesikia pia hadithi za wanyama na mazimwi ambazo mama na bibi zake walizisikia kwa mama na bibi zao.

Kisha anaingia shule. Miaka ya kwanza mwalimu humfundisha kwa Kiswahili, baadaye Kifaransa hushika nafasi yote. Kitabu kikipatikana, kimetoka Kinshasa au ng'ambo ya bahari, na ndani yake ziwa halimo. Wala bibi hayumo.

Ukipima kwa mstari ulionyooka, kutoka Uvira hadi Kinshasa ni kilomita 1,500 na ushei. Kisumu, mji wa Kenya uliopo kwenye pembe ya ziwa jingine kubwa la Afrika Mashariki, uko karibu nusu ya umbali huo. Huko Kisumu mwaka 1982 mwalimu mmoja aliyekuwa ameanza kuandikia watoto miaka kumi na sita nyuma alifungua kampuni yake ya kuchapisha vitabu na kuipa jina la ziwa. Aliitwa Asenath Bole Odaga. Maisha yake yanastahili kusimuliwa kwenye pwani hii ya kaskazini ya Tanganyika, kwa sababu tatizo alilolikuta darasani ndilo hili hili la hapa.

Pwani ya kaskazini kabla ya kitabu cha mtoto, 1880–1974

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Mapadri Weupe walijaribu kuweka kituo Mulweba, kwenye pwani ya magharibi kusini ya Uvira, kisha wakahamia kusini zaidi, Kibanga mwaka 1883 na Mpala mwaka 1885. Kiswahili kilikuwa kimewatangulia. Kilikuja na misafara ya biashara na watumwa iliyotokea Ujiji. Wamisionari walikikuta sokoni wakakipeleka darasani, kikiandikwa sasa kwa herufi za Kilatini. Shule yenyewe ilikuwa ya dini. Mtoto alifundishwa herufi ili asome katekisimu, na akishaisoma, kazi ya herufi ilihesabiwa imekwisha.

Mwaka 1921 Wapentekoste kutoka Uswidi walifika Uvira. Nao wakajenga shule, wakapanda hadi milima ya Lemera. Lakini fedha haikugawanywa sawa. Katikati ya miaka ya 1920 serikali ya Kibelgiji ilikubali kuzipa ruzuku misioni zilizoitwa za kitaifa, yaani za Wabelgiji, na karibu zote zilikuwa za Kikatoliki. Waprotestanti walingoja mpaka mwaka 1948. Kwa hiyo watoto wawili wa kijiji kimoja waliweza kukaa katika madarasa mawili tofauti, moja likiwa na ruzuku na jingine likitegemea sadaka za Stockholm na vijiji vya Uswidi. Walichofanana ni kwamba hakuna aliyepewa kitabu cha kusoma kwa furaha. Kilichokuwepo ni Biblia, hesabu na mafundisho ya usafi.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1962 Kifaransa kilifanywa lugha pekee ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mwaka 1964 vita vya waasi wa Simba vikaikumba Uvira na Fizi. Tarehe 28 Novemba mwaka huo mapadri watatu na bruda mmoja waliuawa Baraka na Fizi kwa siku moja, na shule nyingi zilizokuwa mikononi mwa misioni zikabaki bila watu wa kuziendesha. Mwaka 1974 wanaisimu wa Zaire walikutana Lubumbashi wakapendekeza lugha za kitaifa zirudi shuleni, na Kiswahili kikarudi katika madarasa ya chini ya mashariki. Agizo lilifika. Vitabu vya Kiswahili vya kulitekeleza havikufika kwa kiasi cha kutosha, na pengo hilo ndilo walimu wa Uvira wamelirithi hadi leo.

Rarieda, 1937–1956

Asenath Bole alizaliwa tarehe 5 Julai 1937 huko Rarieda, katika nchi ya Wajaluo, kando ya ziwa ambalo wenyewe hulitaja kwa jina la Nam Lolwe. Baba yake alikuwa mkulima na katekista. Mtoto huyo akapata mirathi mbili kwa mpigo: kitabu cha kanisa mchana, na hadithi usiku.

Wajaluo walikuwa na mahali maalumu pa hadithi hizo. Walipaita siwindhe. Ilikuwa nyumba ya bibi mzee, pim, ambamo wasichana walilala pamoja na kufundishwa maisha kwa vitendawili, nyimbo na sigendini, yaani ngano. Pim hakuwa na ubao wala chaki, lakini alikuwa na mpango: alijua hadithi ipi ni ya mtoto mdogo, ipi ni ya msichana anayekaribia kuolewa, na ipi haifai kusimuliwa mchana. Odaga alipokuja kuwa mtafiti alisimama juu ya jambo hilo bila kuyumba: siwindhe ilikuwa shule.

Wasichana Waafrika wa Kenya hawakuwa na shule yao ya sekondari mpaka mwaka 1948, ilipofunguliwa ile ya Kikuyu ambayo baadaye ilijulikana kama Alliance Girls. Odaga alikuwa miongoni mwa wachache walioipitia katika miaka yake ya mwanzo. Kisha akasomea ualimu katika chuo cha Kikuyu, 1955 hadi 1956. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, jeshi la Uingereza likipambana na Mau Mau katika misitu ya jirani. Alitoka chuoni akiwa na cheti cha kazi ambayo wakati ule ilikuwa miongoni mwa chache zilizomfungulia mlango msichana msomi.

Mwalimu, kisha mwalimu mkuu, 1957–1963

Mwaka 1957 aliolewa, na mwaka huo huo akaanza kufundisha katika chuo cha ualimu cha misioni ya Kianglikana, Maseno. Kutoka hapo alikwenda shule ya wasichana ya Butere, na mwaka 1961 akakabidhiwa shule ya wasichana ya Nyakach kama mwalimu mkuu. Alikuwa na miaka 24 hivi.

Miaka hii hutajwa kwa haraka katika habari zake, na ni makosa. Mwandishi wa watoto aliyepita Maseno, Butere na Nyakach hakuwakisia wasomaji wake. Alikuwa ameketi nao. Aliwaona wakisoma kwa sauti, kwa lafudhi nzuri kabisa, hadithi za watoto wa Kiingereza walioishi kwenye theluji na kunywa chai saa kumi. Wasichana hao hao jioni walizijua hadithi za Lwanda Magere, shujaa ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na nguvu zake zikiwa kivulini. Hadithi mbili hizo hazikukutana popote. Moja ilikuwa na mtihani na cheti, nyingine ilibaki kijijini kama kitu cha kuachwa na kila anayeendelea.

Mwalimu wa Uvira aliyewahi kumwona mtoto hodari wa kusimulia akigeuka bubu mbele ya kitabu cha Kifaransa anaelewa hili bila kufafanuliwa.

1966, mwaka wa vitabu

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Uhuru ulileta bendera, na baada ya bendera ulileta swali la vitabu. Mwaka 1965 Taban lo Liyong, mwandishi aliyekulia Uganda, alichapisha makala iliyowachoma wengi, akilalamika kwamba Afrika Mashariki ni jangwa la fasihi ukiilinganisha na magharibi ya bara. Mwaka huo huo East African Publishing House ilianzishwa Nairobi, ikitafuta waandishi wa hapa hapa.

Mwaka uliofuata jangwa likachipua. Grace Ogot, naye Mjaluo, alitoa riwaya ya The Promised Land. Pamela Kola, mwalimu pia, alitoa ngano za watoto zinazoeleza asili ya mambo. Na Asenath Odaga akatoa vitabu viwili vya watoto kwa mwaka mmoja, Jande's Ambition na The Secret of the Monkey Rock. Wanawake watatu, wote wa upande wa ziwa, katika miezi kumi na miwili.

Jande ni msichana wa kijijini mwenye hamu ya elimu. Leo jambo hilo laonekana la kawaida, hata limechakaa kwa kurudiwa katika kampeni za mashirika. Mwaka 1966 halikuwa la kawaida hata kidogo. Msichana wa Kiafrika aliyekuwa katikati ya kitabu, mwenye jina la kwao na nia yake mwenyewe, alikuwa mgeni katika darasa. Kitabu chenyewe, kusema kweli, kina sauti ya mwalimu mkuu. Funzo halijifichi. Lakini mtoto aliyekuwa hajawahi kujiona kwenye ukurasa hakukataa kitabu kwa sababu kilimshauri asome kwa bidii.

Vitabu vingine vilifuatana mwaka baada ya mwaka hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mvulana aitwaye Kip alianzia shambani, kisha vitabu vya baadaye vikampeleka pwani na mjini. Mtoto wa Kenya akaanza kutembea nchini mwake kwa macho ya Kip, na hiyo ni jiografia ambayo ramani ya ukutani haiwezi kuifundisha.

Uandishi haukumlisha. Baada ya kuacha ukuu wa shule Odaga alifanya kazi za ofisini: katika bodi ya maziwa, katika huduma ya maktaba ya taifa, katika idara ya matangazo ya gazeti, hata katika kampuni ya safari za watalii. Alikuwa na watoto wa kulea. Huenda watu waliziona kazi hizo kama kupotea njia. Ukiyatazama maisha yake kutoka mwisho kuja mwanzo, unaona alikuwa anajifunza biashara bila kujua: kitabu kinavyofika maktabani, tangazo linavyouzwa, hesabu za ofisi zinavyopangwa.

Ngano zinaingia chuo kikuu, 1968–1981

Mwezi Oktoba 1968 wahadhiri watatu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, walitoa waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe na mahali pake pawekwe idara ambayo Afrika itakuwa katikati yake. Katika hoja zao fasihi simulizi ilipewa kiti cha mbele. Ubishi ulikuwa mkali, na waraka ukashinda. Mwezi Septemba 1974 walimu wa fasihi wa sekondari walikutana Nairobi kujadili jinsi mabadiliko hayo yatakavyoshuka shuleni.

Odaga aliingia chuo kikuu humo humo, mama wa watoto miongoni mwa vijana, akahitimu shahada ya kwanza na stashahada ya elimu mwaka 1974. Kwa muda alifanya kazi ya kutunga mitaala katika jumuiya ya elimu ya makanisa. Kisha, kuanzia mwaka 1976, akawa mtafiti katika Taasisi ya Taaluma za Kiafrika ya chuo hicho kwa miaka mitano. Tasnifu yake ya uzamili ilihusu thamani ya elimu iliyomo katika sigendini za Wajaluo.

Kichwa hicho kina uzito kuliko kinavyosikika. Wataalamu wa kizungu walikuwa wamezikusanya ngano za Kiafrika kwa karibu karne nzima, wakizipanga kama wadudu kwenye sanduku la kioo. Odaga aliuliza swali la mwalimu: ngano hii inamfundisha nini mtoto, na inamfundishaje? Ili kulijibu ilimbidi arudi kwa wazee na kuwasikiliza.

Mfano mmoja wa ngano za ziwa alizoziandika ni ule wa Nyamgondho, mwana wa Ombare, unaofaa kusimuliwa hapa kwa kuwa unaanza kama asubuhi yoyote ya Kalundu. Nyamgondho alikuwa mvuvi maskini wa Gwassi. Siku moja alivuta mtego wake, akakuta hakuna samaki: amemvua mwanamke, tena mzee, wa kutisha kumtazama. Alitaka kumrudisha majini. Mwanamke akamsihi amchukue, naye akamchukua. Kulipokucha boma lake lilikuwa limejaa ng'ombe, wasio na idadi. Nyamgondho akawa tajiri, akaoa wake wengine, akaanza kukesha kwenye pombe. Usiku mmoja alirudi amelewa akakuta lango limefungwa, akamtukana yule mwanamke kwa kumkumbusha ni wapi alikomwokota. Mwanamke hakujibu. Alitoka, akashika njia ya ziwani, na ng'ombe wote wakamfuata, na mbuzi, na kuku, hata wa mwisho wakazama. Nyamgondho aliwakimbilia hadi ukingoni, akabaki amesimama pale akitazama maji, na akageuka mti. Hadi leo wenyeji wa Gwassi humwonesha mgeni mahali hapo, na mabamba ya mwamba wanayosema yana alama za kwato.

Mwalimu wa dini angeifunga hadithi hii kwa amri: usilewe. Pim aliiacha ikiwa na mti wake ukingoni, na mtoto akalala akiwaza juu ya maneno ambayo mtu akishayasema hayarudi. Odaga alipoiandika alijua tofauti hiyo, na vitabu vyake vya ngano vimepata uhai ambao vile vya mwanzo havikuupata. Mkusanyo wake wa mwaka 1980 ulipewa jina la Thu Tinda, maneno ambayo msimulizi wa Kijaluo huyatamka anapofikia mwisho ili wasikilizaji wajue hadithi imefungwa. Jina la kitabu lilitoka ndani ya siwindhe yenyewe.

Mwaka 1982, pamoja na Kichamu Akivaga, alitoa kitabu cha fasihi simulizi kwa shule za sekondari. Mwanafunzi alitakiwa kutoka nje ya darasa, aende kwa wazee, asikilize, aandike, ataje nani alimsimulia na wapi. Bibi ambaye jana alikuwa hajui kusoma akawa chanzo cha elimu kinachotajwa kwa jina katika daftari la mtihani.

Kisumu, 1982

Angeweza kubaki Nairobi. Wachapishaji walikuwa huko, wizara ilikuwa huko, chuo kikuu kilikuwa huko. Alirudi ziwani.

Sababu inaeleweka ukitazama hesabu za biashara ya vitabu. Kampuni kubwa ziliishi kwa vitabu vya kiada, vya Kiingereza na vya Kiswahili, vinavyonunuliwa na shule kwa maelfu. Kitabu cha ngano kwa Kijaluo hakikuwa na mnunuzi wa namna hiyo. Mhariri wa Nairobi hakuhitaji kuwa na chuki na lugha yoyote ili aukatae mswada. Ilitosha apige hesabu. Odaga aliona kwamba akisubiri hesabu hiyo ibadilike atazeeka na miswada kabatini. Akaanzisha Lake Publishers and Enterprises mjini Kisumu, akawa mwandishi, mhariri na mchuuzi. Duka lake la vitabu alilipa jina la Thu Tinda.

Vitabu vikatoka kwa lugha mbili sambamba. Kwa Kijaluo alichapisha ngano na tamthilia, miongoni mwake ile ya Simbi Nyaima, ziwa dogo karibu na Kendu Bay ambalo wenyeji husema lilikuwa kijiji, kikazama kwa kumfukuza bibi mgeni aliyeomba hifadhi usiku wa mvua. Kwa Kiingereza alitoa vitabu vya watoto wadogo: Munde anayekwenda sokoni, na The Rag Ball, mpira wa matambara, jina ambalo mtoto wa Kasenga au Kimanga, mitaa ya Uvira, angelitambua kabla ya kufunua jalada. Mwaka 1984 alitoa kitabu cha nadharia ya fasihi simulizi, na mwaka 1985 Kenya Literature Bureau ikachapisha utafiti wake juu ya fasihi ya watoto na vijana nchini Kenya. Pembeni aliandika riwaya za watu wazima, ambamo wanawake hupimana nguvu na mila na fedha.

Umuhimu wa kampuni ile ulionekana mwishoni mwa miaka ya 1980. East African Publishing House, ile ile iliyowafungulia mlango waandishi wa 1966, ilianguka kibiashara, na vitabu vingi vya kizazi kile vikatoweka madukani. Mwandishi asiye na mchapishaji mwingine alibaki na nakala yake ya ukumbusho. Odaga alikuwa na nyumba yake mwenyewe ya kuchapisha. Haikuwa kubwa, na mtu asidhani ilimtajirisha. Ilimpa uwezo wa kuamua ni kitabu gani kisife.

Kuanzia mwaka 1988 alikiongoza Chama cha Fasihi ya Watoto cha Kenya. Mwalimu huyo alikuwa amefika mahali pa kuwasukuma wengine waandike.

Miaka ya mwisho: neno moja baada ya jingine

Mtu aliyezoea kuandika kwa lugha yenye vitabu vichache hufika siku akagundua kwamba msomaji wake anahitaji kamusi. Watoto wa Kisumu na Nairobi walikuwa wanakua wakisema Kiingereza na Kiswahili, na Kijaluo wakikielewa nusu nusu. Mwaka 1993 Odaga alitoa kijitabu cha maneno na misemo ya msingi ya Kiingereza na Kijaluo, na mwaka 2005, akiwa anakaribia miaka 70, kamusi ya Kijaluo na Kiingereza. Kazi ya kamusi haina shangwe. Ni kukaa na neno moja, kuuliza linatumika wapi na wapi halitumiki, kisha kwenda kwa linalofuata. Alifariki tarehe 1 Desemba 2014, akiwa na miaka 77.

Nusu karne ya kazi iliacha zaidi ya vitabu arubaini, kozi ya fasihi simulizi iliyoingia sekondari za Kenya, na mfano wa mchapishaji wa mji wa ziwani. Si kila kitabu kimedumu kwa ubora ule ule. Baadhi ya hadithi zake za watoto zina haraka ya kufundisha, na msomaji wa leo atatamani wahusika wakosee zaidi na kuonywa kidogo. Lakini ngano zake zimesimama, na zimesimama kwa sababu hakuzipunguza ili zifae darasani.

Upande huu wa maji, 1990–2020

Wakati Odaga alipokuwa akiandaa kamusi, pwani ya kaskazini ya Tanganyika ilikuwa katika majonzi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Zaire ilishindwa kuwalipa walimu, na wazazi wakaanza kuwachangia mshahara kwa fedha iliyoitwa prime. Mzazi mwenye watoto watano alichagua nani asome. Mwaka 1996 vita vilianzia upande huu huu, katika milima ya juu ya Uvira. Tarehe 6 Oktoba wagonjwa na wauguzi waliuawa katika hospitali ya Lemera, ile iliyotokana na kazi ya Waswidi. Vita vya pili vikafuata mwaka 1998. Shule ziligeuka makambi, madawati yakageuka kuni, na watoto wengine walivuka ziwa kwenda kambi za wakimbizi za Kigoma.

Mwezi Septemba 2019 serikali ya Kongo ilitangaza elimu ya msingi bila malipo. Furaha ilikuwa ya kweli, na msongamano pia: madarasa yalifurika watoto ambao zamani wangebaki nyumbani. Kabla mwaka ule wa masomo haujaisha, Aprili 2020, mto Mulongwe unaopita Uvira nao ulifurika, ukabeba nyumba, watu na shule. Ziwa lenyewe lilipanda likameza barabara za Kavimvira na nyumba za ukingoni. Katika hali hiyo mwalimu akisema hana kitabu cha hadithi, watu humwona kama anayelilia sukari nyumba ikiungua.

Hata hivyo Odaga alianza na hali gani? Alianza na wasichana wa Nyakach, lugha isiyo na soko, na wazee wenye hadithi. Uvira ina zaidi ya hapo katika jambo moja: Kiswahili. Mchapishaji wa Kisumu aliyeandika kwa Kijaluo alikuwa na wasomaji wa jimbo moja. Hadithi ya Kivira au Kibembe ikiandikwa kwa Kiswahili ina wasomaji kuanzia Kalemie hadi Lamu. Ng'ambo ya ziwa, Dar es Salaam, tangu mwaka 1991 kumekuwepo Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao uliwatia moyo wachapishaji kwa kuwahakikishia kwamba sehemu kubwa ya nakala za kila kitabu itanunuliwa na kupelekwa mashuleni. Ni hesabu ile ile iliyowashinda wahariri wa Nairobi, ila safari hii imepigwa kwa faida ya mtoto.

Boti za mizigo kutoka Kigoma hufika Kalundu na bidhaa za dukani, na wachukuzi huzishusha mgongoni wakipita kwenye ubao mwembamba. Maboksi machache ya vitabu vya watoto vya Kiswahili hayawezi kuilemea boti moja. Na inaporudi Kigoma ikiwa nusu tupu, ina nafasi ya kubeba bahasha ya miswada: hadithi zilizosimuliwa Mulongwe na Kasenga, zikaandikwa kwenye daftari la shule, zikiwa na jina la bibi aliyezisimulia juu ya kila ukurasa, kama Odaga na Akivaga walivyowafundisha wanafunzi wao.